Ndoo ya Mchanga

Ndoo yangu mlangoni, ya mchanga niliweka,
Wapangaji Majengoni, wapitapo wanacheka,
Paka wa uchochoroni, kinyesi humo huzika,
Nami nasema: ngojeni, moto hauna dhihaka.

Akaja Bwana Twalibu, kuziba ufa wa ngazi,
Ndoo ikawa karibu, akaimwaga kwa kazi,
Nilipotaka sababu: "Huo wako ni upuzi!"
Siku ya nne, ajabu, moto ukaja kwa wizi.

Ni chumbani kwa Kasimu, waya chini, godoroni,
Feni, pasi, hata simu, tundu moja ukutani,
Pua ilinusa sumu, nikatoka kitandani,
Ndoo nikaihujumu: si chembe, si punje ndani.

"Zima swichi! Zima ile! Tangulizeni watoto!"
Maji kwenye nyaya zile, mwisho wake ni majuto,
Tukatambaa kwa mbele, moshi juu ni mzito,
Tukaketi ngazi ile, haikuguswa na moto.

Bi Mishi kaja na chai, na mkeka, na godoro,
Twalibu kodi hadai, kainama kwa kihoro,
Kumtusi? Haifai, nikameza mgogoro,
Siku nne, sikatai, nami ninayo kasoro.

Wiki mbili twakwangua, masizi kwenye ukuta,
Kwa siki tukasugua, harufu yatufuata,
Picha zilizoungua, Kasimu anaokota,
Nusu moja katambua, "Mama," kwa ndani kaita.

Juzi Twalibu kashusha, ndoo sita za mchanga,
Kila chumba kakumbusha: "Msichote kwa kujenga!"
Fundi taa akawasha, nyaya mpya kazifunga,
Paka aliyetuchosha, ndoo ya tatu kapanga.