Maelezo ya Picha

Kamera namba saba, ukanda umekatika,
betri moja, kadi moja, tunagawana wanne.
Zamu yangu Jumatano, toka saa mbili
mpaka mtunza stoo atakapotaka kwenda kuswali laasiri.
Natia sahihi daftarini, chini ya sahihi ya Khelef
aliyeirudisha wiki jana na mchanga ndani ya lenzi
akaandika: nzima.

Mwalimu Rauhia katupa kazi ya muhula:
mtu mmoja, riziki yake, siku arubaini.
"Msiniletee machweo," alisema. "Msiniletee milango.
Milango ya Mji Mkongwe ishapigwa picha mpaka imechubuka."

Nikenda Kibele kwa miguu, njia ya vumbi jeupe,
nikamkuta kakaa chini, miguu kainyoosha,
jiwe kalivisha kata ya mpira wa gari lisije likamrukia,
na nyundo inapanda, inashuka,
ko,
ko,
kama mtu abishaye hodi nyumba isiyo wenyewe.

Nilimwomba. Aliniitikia kwa kidevu.
Nikachuchumaa, nikapiga mia na kumi na mbili.
Vumbi limemkaa kwenye kope.
Kidole gumba hakina ukucha.
Nikafurahi (Mungu nisamehe), nilikifurahia kile kidole,
nikakisogelea, nikakitia katikati,
jua la utosi likanifanyia kazi iliyobaki.

Darasani Tunguu feni inalia, mapazia yamebanwa kwa pini,
na kidole kikatanda ukuta mzima,
kikubwa kuliko Khelef.
Wenzangu wakanyamaza, kimya kile tunachokitafuta sote.
Chini nimeandika: Mwanamke akivunja kokoto, Kibele.
Mwalimu akavua miwani.
"Jiwe lina jina lake, kokoto.
Kijiji kina jina lake, Kibele.
Hebu niambie, nani aliyebaki?"

Jumatano nyengine nikarudi, kamera sikuitoa begini.
Nikakalia ndoo iliyofudikizwa.
Anaitwa Mize Vuai Kombo.
Ndoo sita kilo moja ya mchele, na si mchele mzuri.
Ukucha haukung'olewa na nyundo kama nilivyodhani,
na kama nilivyokwisha kuwasimulia wenzangu bwenini;
ulibanwa na mlango, yeye kigoli, siku ya harusi ya dadake.
Akacheka, akanionesha kwa viganja
mlango ulivyojifunga.

Nikamwekea kamera mapajani, nikamwashia kile kioo kidogo.
Akajipitia, picha baada ya picha, mia na kumi na mbili.
"Mbona kote huku sina uso?"

Sikuwa na la kusema. Tumefundishwa mengi,
kasi ya shata, kipenyo cha mwanga,
haki ya anayepigwa, ukurasa wa kumi na nne,
nilikariri ukurasa ule usiku wa mtihani.

"Nisubiri," akasema.
Nikasikia maji yakimwagwa uani.
Akatoka na doti jipya, wanja machoni,
akasimama mbele ya ukuta wa matofali usiopigwa lipu:
vyumba viwili vina bati, cha tatu kimefika kwenye linta.
Akaupiga ukuta kofi, kama upigwavyo mgongo wa ng'ombe.
"Kokoto zangu hizi hapa. Piga hii. Yote, mpaka juu."

Nikarudi nyuma, nikarudi nyuma,
mpaka mgomba ukanizuia mgongoni.
Hakutabasamu. Aliikabili lenzi
kama aliyeitwa kutoa ushahidi.

Picha imepinda. Kivuli changu kimeingia miguuni pake,
na kuku kapita.
Nimepata sitini na moja.
Kidole kingenipa themanini, Khelef kaniapia.

Nikaisafisha dukani Darajani, ya ukubwa wa sahani,
nikampelekea.
Aliigeuza nyuma kwanza, aone kama nimeandika.
Nimeandika:
Mize Vuai Kombo, mbele ya nyumba aliyoijenga, Kibele.
Akasoma kwa kidole, herufi kwa herufi,
kidole kile kile.
"Andika na vyumba," akasema.
"Vitatu."