Manjano

Yalianzia gotini,
yakapanda pajani, yakaketi kiunoni
kama mgeni aliyekuja na godoro lake.
Mama akachemsha maji, akajaza chupa, akanikanda.
Mie nikahesabu boriti: kumi na moja.
Nikazihesabu tena. Kumi na moja.

Jina lake tulipewa hospitali ya Wete, nina miaka sita:
selimundu.
Mama alisikia chuma tu ndani ya neno,
akauliza, "Nani kamkata mwanangu?"
Jioni ile ile akautoa mundu wa majani ya mbuzi
nyuma ya mlango, akampa jirani,
na mpaka leo hajaudai.

Kabla sijashika brashi nilikunywa maandishi.
Kombe: sahani nyeupe, zafarani,
herufi zimejikunja mpaka ukingoni,
kisha maji ya marashi, kisha kidole cha mama,
herufi zikayeyuka, maji yakabaki na rangi.
Nikanywa. Usiku ule nililala.
Wiki iliyofuata sikulala.
Lakini nilishajua kuwa rangi huingia mwilini
ikatafuta pa kukaa.

Binamu yangu Shaame huandika vibao vya maduka,
KINYOZI, NYAMA SAFI, HAPA HATUKOPESHI.
Makopo yakibaki vidole viwili huniletea:
buluu ya dirisha la posta, kijani ya skuli,
nyekundu iliyoshika ngozi juu kama maziwa yaliyopoa.
Uitoboe ngozi, chini bado mbichi.

Basi nyuma ya mlango wa chumba
kila yanaponishika napaka mraba mmoja,
haupiti kiganja.
Mwengine nimeupaka nimelala ubavu,
kwa mkono wa kushoto,
maana wa kulia siku hiyo ulikuwa mkono wa tembo,
ndizi, si mkono.
Mwengine hauna kitu, nimechora kingo tu.
Siku hiyo sina la kusema.

Skuli waliniita Manjano, kwa macho haya.
Nikataka kuyapata, macho, kwenye ubao.
Manjano ya dukani ilikuwa safi mno, ya bibi harusi.
Nikatia tone la kijani: ikawa embe lililoanguka mapema.
Nikaenda jikoni, nikachota manjano ya mama kwenye kinu,
nikakoroga na mafuta, chumba kikanuka mchuzi.
Ikakaribia.
Nilishika kioo mkono mmoja, ubao mkono mmoja,
na kwa mara ya kwanza niliyatazama
bila kuyaonea haya.

Kabla ya Idi mama akapiga chokaa nyumba nzima,
na mlango usisalimike.
Miraba yote ikazama, isipokuwa mmoja mwekundu,
wa msimu ule wa karafuu nilipolazwa siku tisa.
Akapaka tena. Ukachungulia.
Akapaka mara ya tatu, akaketi na ndoo yake.
"Basi nao ukae," akasema.

Kliniki, Sista Bikombo huniuliza,
"Moja mpaka kumi, maumivu ngapi?"
Kumi ni nini?
"Kumi ni yasiyovumilika."
Lakini haya nimeyavumilia, nimekuja nayo kwa miguu.
Ni tisa, basi? Au nimejidanganya njia nzima?
Nikampa kipande cha boksi la tende,
rangi ya bati lenye kutu baada ya mvua ya vuli.
Akakigeuza, akakipeleka dirishani.
Akaniuliza wapi, tangu lini.
Akakibana kwenye faili langu
na pembeni yake akaandika: 8.
Sote wawili tukacheka, mie nikijishika mbavu.

Sikupona. Asije mtu akasema rangi imeniponya.
Leo asubuhi: folik moja, haidroksi moja, maji glasi mbili.
Nje wameanika karafuu,
na mie nazitazama zinavyoacha kijani,
saa kwa saa, bila haraka,
nitafute kwenye makopo kahawia ya saa nne,
maana ya saa sita ni nyengine.
Goti la kushoto limeanza kunong'ona.
Nimeliambia lisubiri,
huu haujakauka.