Ukurasa wa 142

Kitabu kina mhuri wa maktaba, gundi imekauka,
ukikifungua kinalia kama mlango wa ghala.
Ukurasa wa 142: kitovu cha mtoto mchanga
kipakwe spiriti, asubuhi na jioni.
Nimekariri. Nimekariri hadi mikato yake.

Juzi, wodi ya wazazi, hapa Newala,
ukungu bado umelalia mabati,
nikanyoosha mkono kuichukua chupa.
Sista Tekla hakunipigia kelele.
Aliisogeza tu, kama umsogezeavyo mtoto kisu,
akasema: "Kiache. Kisafi, kikavu, basi.
Spiriti ilikuwa enzi zetu."
Na yule mzazi, aliyetoka Kitangari
na uchungu wake juu ya bodaboda,
akanitazama mimi,
si chupa.

Bwenini sikupata usingizi.
Nilimwaza baba, shambani Mnyambe:
hanunui salfa ya mikorosho
asipougeuza mfuko akasoma tarehe.
Mwaka mmoja walimshawishi kwa nusu bei;
alichovya kidole, akanusa, akacheka.
"Hii mnaupelekea ubwiri chakula."
Salfa ina tarehe. Dawa ina tarehe.
Hata biskuti za dukani kwa Mchopa zina tarehe.
Kitabu je,
nani alikisamehe?

Nikamfuata Mwalimu Hokororo ofisini.
Alivua miwani, akaifuta
muda mrefu kuliko vumbi lake.
"Somoe, mtihani nimeutunga mimi.
Kwa kitabu hichohicho."
Nje watu wanagombea zamu bombani,
ndoo inagonga ndoo.
"Andika ulichofundishwa wodini," akasema mwisho.
"Nikikukata alama, njoo unidai."

Nimeandika. Sijui kama atakumbuka:
karatasi ni mia na kitu,
na umeme wa huku una tabia zake.
Ada yangu ni magunia manne ya korosho,
na swali lile lina alama kumi.

Leo nimekirudisha kitabu maktaba.
Kabla ya kukirudisha, pembeni mwa 142,
kwa penseli, herufi ndogo, mkono ukitetemeka
kama naiba kumbe naweka:
Si spiriti. Kisafi, kikavu.
Kamuulize Sista Tekla, wodi ya wazazi.

Nikafunga. Nikafungua tena.
Chini yake nikaandika siku, mwezi na mwaka,
ili ajaye, miaka ikipita,
ajue na mimi
lini aanze kunishuku.