Jasho la Mtungi

Mtungi wa Bahla, dirishani, darasa la tatu, Matrah.
Chini yake sahani, na sahanini maji.
"Bi Zuwena, mtungi unatoka jasho. Unaumwa?"

Jibu likanijia ncha ya ulimi.
Nikalimeza.
"Tutajuaje?" nikauliza, na darasa likachafuka.

Azzan akaazima mizani kwa babake, muuza halwa.
Rayyan akauvika mtungi wa pili mfuko wa nailoni:
"Koti hilo. Tuone kama utapona."
Shamsa, kidole chake ndicho kipimajoto, akachovya, akaandika:
Huu baridi. Huu baridi kidogo. Huu, sijui.
Nikampa alama kwa ile "sijui".

Siku nne mtungi usio na koti
ulipungua uzito, maji yake yakatuuma meno.
Siku ya tano bahari ikatuletea unyevu,
vioo vikalia, kanzu zikaganda migongoni,
na mtungi wetu ukakataa kupoa.

"Umeharibika," akanuna Azzan.
Shamsa hakumsikia. Alikuwa amebandika shavu
kwenye udongo, kama mtu anayesikiliza majirani.

Mkaguzi akaingia, akauliza somo limefika wapi.
Nikamwonyesha ubao:
maswali kumi na moja,
na kalamu imekauka.