Kibonyeo

Aliileta akiisukuma, hakuipanda,
kama mtu anavyomleta ng'ombe mgonjwa.
Kule, mtoto wa Thembo wa kule juu,
vumbi la soko la Mpondwe bado kwenye kope.
Bomba la juu alikuwa amelivingirisha mpira wa tairi,
mweusi, umekazwa mara sita.
Nikajua. Donda ndilo hufungwa hivyo.

Nikaukata kwa wembe.
Rangi ya kijani ilikuwa imepasuka kama ganda la yai,
na katikati yake chuma kimebonyea,
upana wa kidole gumba,
kina cha kijiko cha chai.

"Jiwe," akasema.
Gunia la kahawa, mteremko wa kanisa, jiwe.
Breki ya mbele haikuwa na raba.
Hilo hakulisema; niliona mwenyewe.
"Baba anarudi Jumamosi kutoka Hima.
Igonge, fundi, litoke."

Igonge, litoke!
Bomba halina mlango, mwanangu.
Ndani mna giza, na kutu,
na hewa ya kiwanda kilichoifunga humo kabla hujazaliwa.
Nyundo yangu ipitie wapi?
Nikigonga kwa nje nitakupa la pili, pacha wake.
Nikitia moto, chuma kitalegea
na siku ya gunia kitakumbuka.

Nina vibao viwili vya mkaratusi,
nimevichimba mfereji wa duara.
Nikavipaka sabuni, nikavibana kwenye jiliwa,
nikalizungusha bomba humo polepole, mbele, nyuma,
likilia kama panya.
Nundu za pembeni zikalala.
Shimo likabaki shimo.

Kisha uzi.
Kutoka shingo ya usukani hadi nyuma, kulia,
ukarudi kushoto.
Nikapima nafasi kwa njiti ya kiberiti:
huku njiti, huku njiti.
Haikupinda. Sikumwambia bado.

Nikapaka mafuta ya taa, nikahesabu hadi mia,
nikafuta mpaka pakakauka,
nikapuliza unga wa muhogo juu yake.
Kama kuna ufa, nilimwambia, mafuta yatatoka kuusema:
utaona mstari mweusi, mwembamba kuliko unywele.
Tukainama, vichwa vyetu karibu kugongana.
Alikuwa hapumui.
Ng'ambo, malori ya Kongo yalikuwa yakipiga honi
na mtu fulani akigombania chenji.

Unga ulibaki mweupe.

"Basi iko sawa?"
Iko sawa. Ina alama.
"Jaza puti, basi. Paka rangi. Elfu tano ninazo."
Alizitoa, zimekunjwa hadi udogo wa kidonge.
Na puti ninayo, rafu ya juu, kopo la bluu.
Nimeshawahi kujaza mengi kwa puti:
pikipiki ya diwani, mlango wa gari la mchumba wa mtu.
Huwa laini siku ya kwanza. Laini sana.

Nikachukua elfu mbili,
nikamfungia raba za breki.
Kutu nikaisugua kwa msasa,
na kwa kuwa kijani sina,
nikaomba kwa Kabugho wa saluni rangi ya kucha,
nyekundu, iliyobaki chini ya chupa.
Iwe wazi, nikasema. Kutu hupenda pa kujificha.
Aliondoka bila kuniaga.

Jumapili Thembo alipita, saruji bado kwenye masikio.
Mtoto nyuma yake, hatua nne.
Tuliongea bei ya kahawa,
mvua iliyokula barabara,
mnyororo unaopiga kelele (nikautia mafuta bure).
Hakuniuliza.
Lakini muda wote aliposimama pale
gumba lake lilikuwa limo ndani ya ule wekundu,
likizunguka, likizunguka,
kama ulimi usioweza kuliacha
pengo la jino.