Maji ya Wizi

Njia ya mbuzi inashuka hadi ufukoni,
saa moja na nusu ya mawe yanayoteleza,
na baba hataki kushikwa mkono.
Ana miaka themanini na mmoja, fimbo ya mzeituni mwitu,
na buti zilezile alizochungia kondoo.
"Polepole, Bonaria. Jiwe la chokaa halina adabu."

Mireteni imepinda kuelekea bara
kama watu wanaokimbia mvua.
Kisha, ghafla, bahari:
kighuba cha ukubwa wa kiganja,
kuta nyeupe pande tatu, na maji.
Nilitaka kuitaja rangi yake, nikakosa.
Labda chupa iliyovunjika,
ikaoshwa miaka na miaka
mpaka ikasahau kukata.

Hakuna mtu. Ndiyo kwanza Mei.
Julai zitakuja boti za watalii,
watu watajirusha, watapiga picha,
Sardinia yote itanukia mafuta ya kujipaka.
Navua viatu, naingia. Baridi inanikaba koo.
"Njoo, baba!"

Amekaa juu ya jiwe, buti miguuni.
"Mimi hapa," anasema, "sijawahi kuja mchana."

Ndipo ananieleza.
Kwamba chumvi ilikuwa ya serikali,
na hata maji ya bahari yalikuwa na mwenyewe.
Kwamba babu Bachisio alimfunga punda matambara kwatoni,
wakashuka usiku wa kiza totoro,
wakajaza viriba, wakapanda mlima kabla ya kucha,
ili jibini lisioze.
Usiku mmoja askari alikuwa pale, chini ya ule mwamba,
bunduki mapajani, akikoroma.
"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," anasema baba.
"Lakini hakuna mtu anayekoroma sawasawa namna ile."

Miaka sabini anamfikiria askari yule,
aliyelala, au aliyejilaza.

Jua linapofika kwenye mwamba anavua buti.
Miguu yake ni myeupe kama jibini la asubuhi.
Anaingia hadi vifundoni, basi.
Anachovya kidole, anaramba,
anatikisa kichwa kama mtu aliyerudishiwa chenji kamili.

Kisha anaitwaa chupa yangu tupu, anaijaza,
anaificha ndani ya koti,
anatazama juu, kushoto, kulia.
"Twende," ananong'ona,
ufuko mzima ukiwa wetu peke yetu.