Unajiitaje

Nilipelekwa Huancavelica mwezi wa Juni,
kichwa kikinigonga kwa uhaba wa hewa,
nifundishe watu wazima kusoma usiku
katika bwalo lenye harufu ya supu ya viazi.
Niliandika ubaoni, chaki ikivunjika kwa baridi:
¿Cómo se llama usted?
Nikasema, rudieni. Wakarudia, kofia magotini.

Ikafika zamu ya Saturnina Ccora,
mchungaji, miaka sitini na kitu,
vidole vimepasuka kama udongo wa kiangazi.
"Llamo," akasema, akanyamaza.
Nikamsahihisha: me llamo. Bila ile me
umesema "naita" tu.
"Ndiyo," akajibu. "Naita.
Namwita Oqe wa kijivu, namwita Paru,
nao huja. Mimi huitwa na wengine.
Nani hujiita mwenyewe, señorita,
ila mwendawazimu juu ya mlima?"

Darasa likacheka. Nikacheka nami, nimeshikwa pabaya.
Kwani Kikechua chao huuliza kwa wepesi,
imataq sutiyki, jina lako nani,
kama mtu aulizaye bei ya chumvi.
Kihispania changu ndicho chenye makuu:
kinataka mtu atoke nje ya nafsi yake,
apige hodi kwake mwenyewe,
kisha aitike.

Nikatafuta pa kutokea. Nikaandika llama,
nikaeleza: neno moja, mizigo mitatu.
Llama, anaita. Llama, mwali wa moto.
Llama, yule mnyama mwenye shingo ndefu
anayekutemea mate ukimuudhi.
Saturnina akalitazama muda mrefu,
akalifuata kwa kidole, herufi kwa herufi,
zile l mbili zimesimama kama masikio.
"Huyu namjua," akasema.
Ndilo neno la kwanza alilosoma maishani.

Kisha akasimulia, bila kuulizwa,
alivyotumbukia mtoni akiwa na miaka minne,
mwili ukarudi nyumbani, roho ikabaki majini,
halali, hali.
Mama yake akaenda ukingoni jioni tatu,
akipunga shali, akimwita jina,
mpaka roho ikasikia.
"Ningejiita mwenyewe, ningekuwa mtoni mpaka leo."

Akafunga daftari. "Nawe, unajiitaje?"
Siku kumi na tisa, hakuna aliyeniuliza.
Kwa mwenye nyumba nilikuwa señorita,
kwa mkaguzi nilikuwa sahihi chini ya fomu.
Nikasema: me llamo Zoraida,
sauti ikanitoka nyembamba, kama ya kuazima.

Saa tatu tukazima taa.
Wao wakashika njia ya juu, mimi ya chini,
umande umeganda mawe yote yanateleza.
Ndipo nikasikia kutoka kilimani
ile sauti ndefu ya kuitia wanyama:
Zoraidaaa.
Mbwa wakabweka.
Nami, mtu mzima, mwalimu mwenye cheti,
nikajikuta naitika gizani,
abee.